Kwanza Ardhi, Kisha Darubini

Watu wanaoniuliza wanunue darubini gani karibu wote huanza na bei. Wakimaliza bei wanaingia kwenye namba: hii inavuta mara ngapi? Mimi huwarudisha nyuma kwa swali moja tu: utasimama wapi ukitazama? Maana darubini inayofaa kwenye uwanda wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi inaweza kukukosesha kila kitu ndani ya msitu wa Karura, na ile ya Karura itakupunguzia utamu ukiwa juu ya vilima vya Ngong. Naongoza watalii nikitokea Nairobi, na nimeona vijana wengi wa kazi hii wakitoa akiba ya miezi kwa kitu ambacho baadaye kinalala kabatini. Huniuma kweli, kwa sababu kwetu darubini ni nusu ya kazi.

Mengi ninayoyajua niliyapata kwa mzee mmoja wa Ukambani, upande wa Kibwezi. Ujana wake aliupitisha akisoma nyayo kwa ajili ya wawindaji wenye leseni, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Leo ukitaka kuwinda kwa kibali inabidi uvuke mpaka, kwa mfano uende Tanzania, ambako bado kuna vitalu vya uwindaji. Hapa Kenya bunduki zile ziliondoka, ila ujuzi wa kumtafuta mnyama kwa macho ulibaki vichwani mwa wazee kama yeye, na sisi waongozaji ndio tuliourithi. Mwindaji na mwongozaji wanatofautiana mwishoni tu. Kabla ya hapo wote wawili wanataka kumwona mnyama kabla mnyama hajawaona wao, na kumtambua sawasawa: dume au jike, mzee au kijana, ana mtoto au hana.

Sheria yake ya kwanza haikuhusu kioo hata kidogo. Alisema katika kambi zao hakuna mtu aliyeruhusiwa kutazama kitu kwa darubini ya bunduki. Ile iliyofungwa juu ya mtutu ni ya kulenga, na ukiitumia kutafutia maana yake unaelekeza mtutu kwenye kila unachokitazama, akiwemo mchunga mbuzi aliye nyuma ya kichaka. Kutafuta ni kazi ya darubini ya shingoni. "Kijana wangu," aliniambia, "kwanza ujue ni nini, ndipo uamue." Neno hilo nimelibeba hadi leo ingawa sijawahi kushika bunduki.

Turudi kwenye namba, maana hapo ndipo watu wanapopotezwa. Darubini ikiandikwa 8x42, nane ni mara inazovuta, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25. Hiyo ndiyo milimita ya duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni mwako. Mboni ya jicho juani hujibana hadi milimita mbili au tatu; gizani mboni ya kijana inaweza kufika saba, na ya mtu mzima hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo ukinunua 10x25 ndogo ya mfukoni, duara lake ni milimita 2.5: saa sita mchana utaona vizuri tu, lakini saa kumi na mbili na robo asubuhi, simba akiwa bado anatembea, utaona kivuli kinachosogea. Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kwa nini zile zilizoandikwa 60x60 kwenye boksi haziwezi kuwa za kweli. Zingekuwa za kweli, duara lingekuwa milimita moja, picha ingekuwa giza tupu, na hakuna mkono wa binadamu ambao ungeituliza.

Mkono wenyewe ni jambo kubwa. Darubini haivuti mnyama peke yake, inavuta na mtetemo wako. Ikivuta mara kumi, kila mpigo wa moyo na kila pumzi inakuzwa mara kumi. Halafu kuna upana wa kinachoonekana. Kwa umbali wa mita 1,000, darubini nyingi za 8x42 hukuonyesha kipande cha ardhi chenye upana wa mita 130 hivi, na za 10x42 mita 110 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uwe unamtafuta duma kwenye nyasi huku watu saba nyuma yako wanauliza "wapi? wapi?"

Sasa ardhi. Nianze na iliyo karibu na mlango wangu.

Mbuga ya Nairobi ina kilomita za mraba 117, iliyofunguliwa mwaka 1946, na upande wa kusini haina uzio: ng'ambo ya mto Mbagathi wanyama hutoka na kuingia kutoka Kitengela. Sehemu yake kubwa ni uwanda wa nyasi, na wageni wengi hudhani uwanda hauna siri. Nyasi zikishapanda baada ya mvua za masika, simba mzima hulala humo ikabaki ncha ya sikio moja. Hapa mara nane au mara kumi zote zinafanya kazi. Mimi hupendelea nane kwa kupekua na kumi kwa kuthibitisha, lakini kwa kuwa hakuna anayebeba mbili shingoni, nane. Kupekua kwenyewe ni kazi ya utaratibu: unaanza karibu na gari, unapita polepole kutoka kushoto hadi kulia, unapandisha kidogo, unarudi, mpaka ufike kwenye upeo. Usimtafute mnyama mzima. Tafuta kipande chake, yaani sikio, mkia unaofukuza nzi, au mstari wa mgongo uliolala mahali ambapo majani yote yamesimama wima. Na zima injini. Gari likinguruma, hata darubini ya bei ya kiwanja itakuonyesha ukungu. Mimi hubeba kifuko cha kitambaa nilichokijaza mchele, nakiweka ukingoni mwa paa lililofunguliwa, nalaza darubini juu yake.

Kwenye uwanda ndipo pia nilipoelewa kwa nini darubini nzuri ni heshima kwa mnyama. Ukimwona kifaru vizuri ukiwa mita mia tatu, huna sababu ya kumsogelea hadi hamsini. Magari yanayomzunguka duma mpaka anaacha windo lake, nusu yake yamebeba watu wasioona kitu kwa mbali. Mteja ukimkabidhi kioo kizuri, umwonyeshe namna ya kukirekebisha, hatakuomba utoke barabarani. Jambo hili nalisema kwa kila kijana anayejiandaa kwa mtihani wa waongozaji wa kiwango cha shaba, yaani kile cha kwanza, na nitaendelea kulisema.

Kibwezi ni nchi nyingine kabisa. Kule ni kichaka: migunga, mikwaju ya mtoni, miti isiyo na majani kiangazi iliyosongamana hivi kwamba huoni zaidi ya hatua sitini. Kijana wa kawaida akifika hapo huiacha darubini kifuani, akidhani ni ya mbali tu. Mzee alifanya kinyume chake, na hapo ndipo nilipojifunza jambo kubwa kuliko yote kuhusu kifaa hiki.

Tulikuwa tumesimama mbele ya kichaka ambacho mimi nilikiona ni ukuta wa vijiti. Akaniambia niinue darubini, nielekeze kwenye vijiti vya mbele kabisa, nizungushe gurudumu mpaka vionekane sawasawa. Nikaona gome, nikaona miiba. "Sasa zungusha kidogo, kidogo tu." Vijiti vya mbele vikayeyuka, vikawa moshi mwembamba ambao macho yanapita katikati yake, na safu ya nyuma ikajitokeza. Nikazungusha tena, safu ya pili ikafifia, ya tatu ikaja. Kwenye safu ya nne kulikuwa na mistari myeupe iliyoshuka wima, nami nikaipita nikidhani ni mwanga wa jua kati ya matawi. Akanigusa bega nirudi. Mstari mmoja ulikuwa na ukingo laini mno kuwa wa mti, na juu yake sikio likageuka. Alikuwa tandala mdogo, jike, amesimama akitutazama muda wote huo, labda hatua hamsini kutoka tulipokuwa. Kwa macho matupu sikumwona hata baada ya kujua yuko wapi.

Kwa hiyo kichakani darubini ni chombo cha kupenya, na chombo cha kupenya hakitaki kuvuta sana. Mara saba au mara nane hukupa kina zaidi, maana yake vitu vingi vya mbele na nyuma vinaonekana kwa pamoja, nawe unateleza kutoka safu hadi safu bila kupotea. Mara kumi kina chake ni chembamba. Ukizungusha gurudumu kidogo tu umeruka safu nzima, na mnyama alikuwa hapo. Mzee alikuwa na yake ya zamani ya 7x35, rangi imeisha pembeni, na sikuwahi kumsikia akiitamani nyingine. Huko Tanzania na kusini zaidi, watu wanaowinda kwenye vichaka vya namna hii nao wengi hubeba ya nane.

Msitu wa Karura na ule ukanda wa miti ulio magharibi mwa Mbuga ya Nairobi unafanana na kichaka kwa kuwa vitu viko karibu, lakini unaongeza giza. Chini ya miti mikubwa, saa tatu asubuhi inaweza kuwa kama alfajiri. Mbega yuko juu kabisa, mweusi na mweupe dhidi ya anga linalong'aa; suni, yule paa mdogo wa msituni, yuko chini, kahawia kwenye majani makavu ya kahawia; na ndege shorobo anaruka kutoka tawi hadi tawi, huonyesha wekundu wa bawa mara moja kisha kwisha. Hapa nataka duara la mwanga la milimita tano, na nataka darubini inayoweza kutazama kitu kilicho mita mbili au tatu mbele yangu, maana kipepeo na ndege wadogo hawasubiri urudi nyuma. Si kila darubini inafika hapo. Kuna zinazoanzia mita tano, na muuzaji hatakwambia. Anayetaka kujizoesha kutazama msituni na mijini ajiunge na matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Utakutana na watu wenye darubini za kila aina na wengi wao watakuruhusu utazame kwa yao, jambo ambalo duka halitakupa.

Ngong ndiyo mahali pekee karibu nasi ambapo nakubali hoja ya mara kumi bila kubishana. Ukisimama kileleni, upande wa magharibi ardhi inadondoka kuingia Bonde la Ufa, na macho yako yana kilomita nyingi za kupekua. Nchi za milima ndivyo zilivyo. Wanaowinda swala wa milimani huko Alps hupenda 10x42, na wale wa Arizona hufunga 15x56 juu ya miguu mitatu, wakakaa chini kupekua mteremko wa ng'ambo kwa saa nzima. Huko umbali ni mkubwa, mnyama hajifichi nyuma ya kichaka bali nyuma ya ukubwa wa mlima wenyewe. Tatizo la Ngong ni upepo. Hapakuwekwa mitambo ya umeme wa upepo bure. Ukisimama wima na darubini ya kumi, utaona tu dansi. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, au simamisha fimbo mbele yako uegemeze darubini juu ya kidole kilichoshika fimbo. Kofia yenye ukingo nayo inasaidia: shika ukingo pamoja na darubini kwa vidole vya juu, kichwa na mikono vikawa kitu kimoja.

Ukishuka bondeni hadi Magadi, mara kumi inapoteza thamani yake tena. Joto. Kufikia saa nne asubuhi ardhi inatoa mazigazi, hewa inacheza juu ya magadi, na heroe waliokuwa wamesimama kwa miguu wanaonekana wanaelea. Darubini inayovuta zaidi inayavuta mazigazi nayo. Nimeona wageni wenye 12x50 za gharama wakiuliza kama kioo kimeharibika. Dawa ni kuamka mapema, na kukubali kwamba mchana wa Magadi hauna darubini yake.

Nyandarua, upande wa mianzi na ukungu, swali si kuvuta tena bali maji. Darubini ikitoka kwenye gari lenye joto na kuingia kwenye baridi ya mlimani, hewa yenye unyevu iliyo ndani hugeuka matone juu ya vioo, na hayo huwezi kuyafuta. Ndiyo sababu zilizotengenezwa vizuri huzibwa kabisa na kujazwa naitrojeni kavu. Ukungu wa nje, unaotokana na pumzi yako, huo ni wa kusubiri tu. Usiufute kwa mkono wa sweta. Na ukirudi Nairobi usiifungie kwenye mkoba wa ngozi ikiwa na unyevu, kwa kuwa kuvu huota juu ya kioo kama nyuzi za buibui na ikishakula rangi ya kinga haitoki.

Niongeze neno kuhusu jioni, kwa sababu kuna ushauri unaotoka Ulaya na kunakiliwa hapa bila kufikiriwa. Wawindaji wa Ujerumani hupenda 8x56, duara la milimita saba, kwa kuwa huketi juu ya vibanda kungoja nguruwe mwitu, na kwao jioni ya kiangazi huchukua muda mrefu kuingia giza. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua likizama Nairobi, una dakika 20 hivi za mwanga wa maana, basi. Kubeba kioo chenye uzito wa kilo moja na zaidi siku nzima kwa ajili ya dakika hizo si busara. 8x42 ya kawaida, ya gramu 700 hivi, inakutosha mpaka saa ya kutoka getini.

Wenye miwani wana jambo lao ambalo wengi hawalijui hadi wamelipa. Wamwulize muuzaji umbali ambao jicho linaweza kukaa kutoka kioo cha nyuma na bado lione picha nzima. Umbali huo usipofika milimita 15, utaona tundu jembamba katikati. Vikombe vya mpira vya macho viwe vya kuzungusha na kushuka, na visiwe vinashuka vyenyewe.

Kwa kijana mwenye pesa kidogo, ushauri wangu huwa huu: kwa bei ndogo ileile, ile ya umbo la zamani, yenye vioo vya mbele vilivyoachana kuliko vya nyuma, mara nyingi itakupa picha safi kuliko iliyonyooka kama mabomba mawili. Iliyonyooka inahitaji kazi ya ustadi mkubwa ndani ili iwe nzuri, na kazi hiyo haifanywi kwa bei ya chini. Hasara ya zile za umbo la zamani ni kwamba ni kubwa kidogo na nyingi hazizuii maji. Epuka zinazobadilisha kuvuta, kutoka kumi hadi thelathini kwa mfano. Sehemu zinazosogea ndani hulegea, na kinachoonekana ni chembamba tangu mwanzo. Epuka pia vioo vya mbele vyekundu vinavyong'aa kama taa ya breki. Wekundu huo unarudisha nje mwanga uliokuwa wako.

Dukani usitazame ukutani. Toka nayo hadi mlangoni. Kwanza ishike mbali na uso, ielekeze kwenye anga, utazame yale maduara mawili ya mwanga nyuma: yawe mviringo kamili. Yakiwa na kingo zilizokatwa kama mraba, kioo cha ndani ni cha bei ya chini. Kisha fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi ya mbali yasomeke kwa jicho la kushoto. Fumba la kushoto, rekebisha pete ya jicho la kulia peke yake. Sasa fungua yote mawili utazame kona ya jengo refu dhidi ya anga. Mstari uwe mmoja. Ukiwa miwili, au macho yakianza kuvutana ndani ya dakika chache, vioo havijalingana, na darubini hiyo itakupa maumivu ya kichwa kila siku ya kazi. Kama ni ya mitumba, washa tochi ya simu uielekeze ndani kutoka mbele, utafute nyuzi za kuvu na vumbi lililonasa. Muuzaji anayekataa utoke nayo hadi mlangoni, mrudishie taratibu, uende duka linalofuata.